Sindano Kavu na Kioo cha Mzee Feruzi

Jumatatu iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha darubini. Karani alinipa karatasi nitie sahihi, akaniuliza kama kuna mali yoyote ya serikali iliyobaki mikononi mwangu. Nikamwambia hakuna. Kuna kioo kimoja cha kunyolea, lakini hicho hakikuwa cha serikali tangu mwanzo, na nimekiacha mahali pake, juu ya rafu, nyuma ya taa.

Ninyi vijana mnaobaki mle ndani mmeniuliza mara nyingi kile kioo ni cha nini, nami nimekuwa nikiwajibu ovyo. Najua mmoja wenu alisema mzee anajipenda, ndiyo maana kila asubuhi kioo kiko mkononi. Sikukasirika. Mimi pia niliwahi kusema maneno hayohayo juu ya mtu mwingine, na karibu yanipokonye ndugu. Basi nimeona niyaandike mambo haya kabla hamjanisahau, jambo ambalo kwa jinsi mlivyonisindikiza kwa haraka halitachukua muda.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Mkitaka hayo, faili langu liko ofisini, mchwa wamelila pembeni tu. Nitaandika juu ya sindano, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya.

Nilizaliwa ufukweni, upande wa Majita. Baba alifariki, na mwaka uliofuata mama naye akamfuata. Mimi nilikuwa mkubwa, nyuma yangu Magesa, nyuma yake Nyangeta aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Shule ya misheni nilikuwa nimefika darasa la pili. Mwalimu alikuwa ameanza kutufundisha kugawanya, na mimi niliacha hapohapo, katikati ya hesabu, nikaenda kulima. Mpaka leo mtu akinipa hesabu ya kugawanya naipitisha kwa mwenzangu, nanyi mmekuwa mkidhani nawapa nafasi ya kujifunza.

Shangazi yetu alikuwa ameolewa Kamunyonge, mjini Musoma, akatupokea. Wadogo zangu walipopata pa kulala nami nikaenda kutafuta kazi, na hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kufagia. Nilifagia wodi, nikafagia uwanja, nikaosha chupa. Siku moja nikatumwa kuosha chupa katika chumba cha darubini, na huko ndiko nilikokutana na Mzee Feruzi.

Mzee Feruzi alikuwa mtazamaji wa darubini. Baba yake alikuwa Mmanyema, mama yake mtu wa Tabora, na yeye mwenyewe, ukimwuliza alizaliwa wapi, alijibu, "Njiani." Kazi aliifundishwa na daktari wa Kijerumani kabla ya vita, akambebea daktari huyo sanduku la darubini vita vyote, na vilipokwisha akabaki na ujuzi na jeraha moja la goti. Alivaa kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa, katika chumba ambacho kila kitu kilikuwa na doa.

Siku ile ya kwanza nilisimama mlangoni nikiikodolea macho darubini. Aliniuliza nadhani ile ni nini. Nikasema ni mashine ya kusagia. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Ndiyo, inasaga macho. Ingia uoshe chupa." Tangu siku hiyo akaniita Mjita wangu, na kwa amri yake mwenyewe akanifanya mtani wake. Kiswahili changu kilimfurahisha kuliko redio ambayo ilikuja baadaye. Nikisema nilikuwaga nimekula, yeye alikuwa anajishika kiuno kwa uchungu kama mtu aliyepigwa.

Nyakati zile shida yetu kubwa ilikuwa malale. Mbung'o walikuwa porini kila upande, na watu waliingia humo kwa kuni, kwa asali, kwa nguzo za nyumba. Mtu akiumwa na mbung'o mwenye ugonjwa anaanza na homa, kisha tezi za shingo zinavimba, hasa za nyuma, chini ya nywele. Akiachwa, mdudu wa ugonjwa, yule asiyeonekana ila kwa darubini, anapanda kichwani. Hapo mtu analala mchana, anachelewa kujibu, anakasirika bila sababu, na mwisho halali tena ila anakufa. Dawa ilikuwepo, sindano ya mshipa kwa majuma kadhaa, lakini ilimsaidia yule aliyewahi. Aliyechelewa tulimpa dawa nyingine iliyoweza kumwacha kipofu, na mara nyingi ilimwacha kipofu halafu akafa.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa katika kuwahi, na kuwahi kulikuwa katika tezi. Damu ya kidole mara nyingi ilitudanganya. Tezi ilisema kweli, ukijua kuisemesha.

Tuliwapanga watu mstari, tukasimama nyuma yao, tukawapapasa shingo kwa vidole vya mikono yote miwili. Akina mama walituambia tunawapapasa kama wanunuzi wa mbuzi mnadani. Tukikuta tezi laini inayoteleza kama ngozi ya kunde iliyochemshwa, huyo tulimtenga. Halafu ilikuja sindano.

Mzee Feruzi alinifundisha baada ya mwaka mzima wa kuosha chupa. Unaibana tezi kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka inasimama. Unaingiza sindano tupu, bila bomba. Mkono wa kulia unaishika sindano isicheze, mkono wa kushoto unaikanda tezi polepole, kama unayejaribu embe kama limeiva huku hutaki mwenye embe ajue. Maji ya tezi yanapanda yenyewe ndani ya sindano. Unachomoa. Unachukua bomba ambalo umekwisha kulivutia hewa, unalichomeka kwenye sindano, unasukuma, na tone moja dogo linaangukia kwenye kipande cha kioo. Funika, weka chini ya darubini, tazama sasa hivi. Usinywe chai kwanza. Mdudu hasubiri umalize chai.

Maji yenyewe yanazungumza kabla ya darubini. Yakiwa kama maji ya mchele, tafuta mdudu. Yakiwa mazito kama jibini lililooza, hicho ni kifua kikuu cha tezi, mwite daktari. Ikija damu tupu, umechoma mshipa, omba radhi. Na sindano ikigonga kitu kigumu kama kokoto na hakitoki kitu, nyamaza, usimwambie mgonjwa neno lolote, mwite daktari haraka. Hayo yote mmeyasikia kwangu mpaka yamewachosha.

Sasa kioo. Kila asubuhi, baada ya kuzichemsha sindano, Mzee Feruzi alizipanga juu ya kifuniko cha bati, akaliweka bati juu ya taa ya mafuta, akakaa. Kisha alitoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea, akakiinua mbele ya uso wake kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Sindano na bomba vilikuwa mkononi mwingine. Mimi nilikuwa nyuma yake, nafagia. Nilichoona ni mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri anajitazama kila asubuhi kazini, tena kwa utulivu. Nikawaambia watu wa jikoni. Wakacheka. Nikawa nawaigiza, nimeshika kifuniko cha sufuria nakigeuza mbele ya uso.

Sikumwuliza, naye hakunieleza. Yeye alifundisha kwa kuamuru. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwa sababu Mjerumani alisema.

Baada ya miaka miwili daktari alimchukua Mzee Feruzi kwenda naye safari upande wa Bunda, kukagua shingo za vijijini. Aliniachia chumba. Aliniambia nifanye vilevile anavyofanya yeye, akaondoka na kofia yake, na kioo chake mfukoni.

Mkitaka kujua mtu anavyoharibikiwa, mpeni chumba. Nilikipiga deki mara mbili kwa siku. Nilizichemsha sindano mpaka nyingine zikapinda. Ile habari ya kuziweka juu ya taa niliiona ni ya kizee, inakula mafuta bure, nikaiacha. Nilizitoa sindano kwenye maji ya moto kwa koleo, zinang'aa, zinachuruzika, nikazitumia hapohapo. Sista wa Kizungu alipita, akaona, akasema sijaona chumba safi kama hiki. Nilitembea mpaka Kamunyonge siku ile bila kuhisi ardhi.

Na matokeo yalikuwa mazuri pia. Kila niliyemtoboa hakuwa na mdudu. Niliandika katika kitabu, kwa mwandiko wangu bora, kwamba malale yanapungua Musoma. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na nilidhani labda usafi wangu umeyatisha.

Juma lile ndipo alipokuja Magesa.

Magesa alikuwa amekwenda Kibara kufanya kazi katika mtumbwi wa Bwana Chirangi, mtu mwenye nyavu nyingi na sauti kubwa. Walivua ningu na sato, na kati ya safari za ziwani vijana walikwenda porini kukata kuni za kukaushia samaki. Kwa miezi kadhaa nilikuwa napata habari mbaya. Magesa analala. Magesa amelala na kasia mkononi. Magesa ameachiwa moto auangalie, moto umezimika, samaki wamenuka, yeye anakoroma. Bwana Chirangi alimtuma kwangu na ujumbe kwamba kama ni mgonjwa atibiwe, na kama ni mvivu aambiwe.

Nilikuwa nimewalea hawa watoto kwa jembe. Niliacha shule ili wale. Mtu kuitwa mvivu katika nyumba yangu ilikuwa kama kuitwa mwizi. Nilimkalisha kwenye kiti, nikampapasa shingo, nikakuta tezi nyuma ya sikio la kushoto, laini, inateleza. Mikono yangu ilijua. Lakini nilikuwa na hasira, nikajiambia tutaona.

Nikamtoboa. Sindano ilitoka kwenye maji ya moto moja kwa moja. Nikatazama. Chembe za maji ya tezi zimetulia, hakuna kinachotikisika. Nikatazama tena, kwa sababu ni ndugu yangu, nikaona uleule utulivu. Nikafurahi na kukasirika kwa wakati mmoja. Alikuwa mzima, na kwa hiyo alikuwa mvivu.

"Unalalaga kwa nini?" nikamwuliza.

"Sijui, kaka. Usingizi unanijia tu, kama mtu amenifunika gunia."

"Na mimi nikifunikwa gunia, ninyi mtakula nini?"

Nilichukua karatasi nikamwandikia Bwana Chirangi barua. Nilikuwa najivunia barua zangu, kwa kuwa darasa la pili si wengi. Ilikuwa na maneno manne: Huyu hana ugonjwa. Mwamsheni. Nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika Chumba cha Darubini, Musoma.

Baadaye Magesa alinieleza barua ile ilivyopokelewa Kibara. Bwana Chirangi alimpa mtu anayejua kusoma, akaisoma mbele ya wavuvi wote. Wapiga kasia wakaifanya wimbo. Mmoja anaanza, Huyu hana ugonjwa, na wengine wote wanaitikia wakivuta kasia, Mwamsheni. Na kila Magesa aliposinzia walimmwagia maji ya ziwa kwa kata, kwa idhini ya hospitali.

Majuma matatu yakapita. Mzee Feruzi alikuwa amerudi, goti limevimba, hasira iko palepale. Alisoma kitabu changu, akafika pale nilipoandika malale yanapungua, akanitazama, akakifunga. Nilidhani ni wivu.

Siku ya pili yake Magesa akaja na samaki mikononi. Bwana Chirangi alikuwa amemfukuza. Alinipa samaki, akakaa kwenye benchi la wagonjwa pale nje ya dirisha, akapewa kikombe cha uji na mtu wa jikoni. Nilipogeuka alikuwa amelala. Kikombe kilikuwa bado kimesimama wima mkononi mwake, na uji ulikuwa bado unatoa moshi.

Nikamwita Mzee Feruzi aje aone. Nikamwambia, "Mzee, njoo utazame Mjita halisi. Huyu ndugu yangu angelala hata akiwa anafukuzwa na kiboko."

Nilitegemea acheke. Mtu yule alikuwa amenicheka mimi miaka miwili, asubuhi na jioni, kwa mambo madogo kuliko hayo. Hakucheka. Alitoka nje akichechemea, akasimama nyuma ya benchi, akaweka vidole shingoni mwa Magesa. Akaiona ile alama ndogo ya sindano.

"Nani amemtoboa huyu?"

"Mimi."

"Lini?"

"Ulipokuwa safarini. Ni mzima. Nilitazama mwenyewe mara mbili."

"Ulikausha?"

"Nilichemsha, mzee. Hata Sista aliona."

"Sijakuuliza kuchemsha. Hata viazi vinachemshwa. Ulikausha? Ulipuliza kwenye kioo?"

"Kioo gani?"

Alikitoa mfukoni. Alikitazama, akanitazama mimi.

"Miaka miwili nakiinua hiki mbele yako kila asubuhi," akasema. "Wewe ulidhani nafanya nini?"

"Nilidhani unatazama ndevu zako, mzee."

Alikaa kwenye benchi kando ya Magesa. Kisha akasimama, akaingia ndani, akachukua sindano moja kutoka kwenye sufuria yangu safi, akaichomeka kwenye bomba lenye hewa, akailekeza kwenye kioo, akasukuma. Matone matatu yakatua juu ya kioo, mazuri, ya mviringo, kila moja na dirisha dogo ndani yake.

"Hao ndio wagonjwa wako," akasema.

Ndipo akanieleza, kwa maneno machache, yale ambayo angenieleza siku ya kwanza kama angekuwa mtu wa kueleza, na ambayo ningeyajua kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Mdudu wa malale akikutana na maji anayanywa mpaka anapasuka. Tone moja ndani ya sindano linatosha. Unatazama, unaona utulivu, unaandika mzima. Ndiyo sababu ya taa. Ndiyo sababu ya kioo. Sindano ikipulizwa juu yake na kisionekane hata ukungu, ni kavu, anza kazi. Kwa hiyo kwa majuma yale yote nilikuwa nawaua wale wadudu kabla ya kuwaona, na kuwaacha hai wale waliobaki shingoni.

Nilimwomba amtoboe yeye. Alikataa.

"Wewe ndiye uliyesema ni mzima. Wewe ndiye utakayesema tena."

Nilikausha sindano juu ya taa. Nilipuliza kwenye kioo, hakikuonyesha kitu ila uso wangu, na sikuupenda. Nikapuliza tena. Magesa aliamka nilipoishika tezi, akasema, "Kaka, umeniamsha, basi barua yako imefanya kazi." Alisema hivyo bila uchungu wowote, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Tone likatoka, nikafunika, nikatazama. Mwanzoni niliona chembe zilezile, zimetulia kama magugu ya ziwani pasipo na upepo. Sisi tuliokulia ufukweni tunajua kuyatazama magugu. Humwoni samaki, unaona magugu yanatikisika mahali pamoja, halafu pengine mbele kidogo. Chembe zikatikisika. Zikatulia. Zikatikisika pembeni yake. Halafu akatokea mwenyewe, mwembamba, anajipinda, anasukuma huku na huku kama mtu aliyekuja harusini bila kualikwa.

Nilisogea ili Mzee Feruzi aone. Alitazama muda mfupi, akasema, "Karibu sana, bwana," akimwambia mdudu. Kisha akaniwekea mkono begani, akautoa mara moja, akaenda kumwita daktari.

Nilibaki na Magesa. Nilimwambia una malale. Alifumba macho, na kwa ugonjwa ule hujui kama mtu anafikiri au anasinzia.

"Kwa hiyo si uvivu?" akauliza.

"Si uvivu."

"Basi nataka barua nyingine."

"Utapata barua baadaye. Kwanza upone."

"Hapana, kaka. Andika sasa. Nikifa, wale watu wa Kibara watabaki na ile ya kwanza."

Nikaandika. Huyu ana ugonjwa. Mwacheni alale. Haukuwa ule mwandiko wangu bora, nami nikampa hivyohivyo.

Daktari alitoa maji ya uti wa mgongo, nasi tukangoja. Hilo ndilo lililokuwa linaamua. Mdudu akiwa amekwisha kupanda kichwani, ile dawa nzuri haimfikii. Mzee Feruzi aliyatazama yale maji mwenyewe, na safari hii hakunikubalia hata nishike kipande cha kioo. Alikaa nayo muda mrefu sana. Aliponyanyuka alisema daktari ataamua, lakini yeye haoni mdudu humo, na chembe ni chache, na kwa maoni yake dawa ya kwanza inafaa, ingawa tungechelewa kidogo zaidi isingefaa.

Majuma ya sindano za mshipa nitayapita. Magesa alivimba uso, akatapika, akanitukana siku moja, nikafurahi kwa sababu kabla ya hapo hakuwa hata na nguvu ya kutukana. Nyangeta alimletea chakula kila siku, na kila siku aliniuliza mbele ya wagonjwa wote kama sindano ya leo nimeikausha.

Wakati huo mimi nilikuwa na kazi nyingine. Mzee Feruzi alifungua kile kitabu changu chenye mwandiko bora, akasoma majina ya wote niliowaandika wazima, akaniambia nikawatafute. Hawakuwa wengi, lakini nchi ni pana. Nilipewa baiskeli ya hospitali, sanduku, taa, na yeye akanipa kioo. Alikitoa mfukoni akanipa bila neno, naye akabaki anachonga ndevu kwa kubahatisha. Niliporudi alikuwa na mikato miwili kidevuni.

Kutoka Musoma mpaka Butiama baiskeli ile ilinishinda milimani, nikawa naikokota. Huko Mwitongo alikuwepo mama mmoja, Mama Wegesa, niliyekuwa nimemtoboa uvimbe chini ya taya. Nilimkuta anapepeta ulezi. Aliniacha nisimame juani mpaka amalize ungo ule.

"Wewe si ndiye uliyenitoboa ukasema ni mzima?"

"Ndiye, mama."

"Leo umekuja kunitoboa useme nini?"

Nilimweleza ukweli, kwamba sindano ilikuwa na maji. Aliweka ungo chini.

"Sisi hapa maji tunayafuata mbali kweli, tunayabeba kichwani," akasema. "Kumbe ninyi mnayo ya kuweka mpaka kwenye sindano."

Hata hivyo alinipa shingo. Nilikausha, nikapuliza, nikatoboa, nikatazama. Hakukuwa na mdudu. Nilishindwa kuelewa uvimbe ule umetoka wapi mpaka alipopiga mwayo kwa kunichoka, nikaona jino la nyuma limeoza lote. Katika kumtoboa mara mbili hakuna aliyekuwa amemwambia afumbue kinywa. Ndiyo maana hapo chumbani nawapigia kelele mtazame meno kwanza, na chawa kichwani, kabla hamjagusa sindano. Si utaalamu. Ni Mama Wegesa.

Bunda nilikwenda kwa lori la pamba. Huko alikuwepo fundi cherehani, mtu mpole, ambaye wateja walikuwa wamemkimbia kwa sababu kanzu zake zilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alikuwa anasinzia juu ya cherehani. Kwake nilimkuta mdudu. Nilirudi naye kwenye lori, akapata dawa, akapona, na alinishonea kanzu yenye mikono sawasawa ingawa mimi si mtu wa kanzu.

Mmoja sikumpata. Alikuwa mvuvi aliyekuwa amevuka kwenda upande wa pili wa ziwa, na watu wake hawakujua alikoshukia. Jina lake liko katika kitabu kile, na mbele yake limeandikwa kwa mwandiko wangu bora neno mzima. Mzee Feruzi aliniambia nisilifute. Kitabu kipo kabatini, cha chini kabisa, mkikitaka.

Mzee Feruzi alistaafu miaka mingi kabla yangu, akarudi Tabora. Siku ya kuondoka alinipa kile kioo, kimefungwa ndani ya kofia yake kuukuu. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa. Aliyakatisha, akasema nisijitazame sana, hakuna cha kuona. Sasa kioo ni chenu, nami nawaambia hivyohivyo, tena nimewatazama vizuri kabla ya kusema.

Mbung'o wamerudishwa nyuma siku hizi, pori limefyekwa, na shingo nyingi mnazozitoboa ni za kifua kikuu na mambo mengine. Mnaweza kusema kioo hakina kazi tena. Siku mdudu atakaporudi hatawapigia simu.

Magesa yupo. Ana wajukuu, ana mitumbwi yake mwenyewe huko Kibara, na wapiga kasia wake wanauimba ule wimbo bado, wengine bila kujua umetoka wapi. Barua ya pili aliipoteza. Ile ya kwanza anayo, ameikunja ndani ya kitabu chake cha sala, na siku za sikukuu huwasomea watoto wangu kwa sauti ya padre.

Jana alikuja Kamunyonge kunipongeza kwa kustaafu, ameleta ningu wakavu. Tulikula, kisha akajilaza barazani, mchana kweupe, akafumba macho. Yeye hulala hivyo mbele yangu makusudi. Mimi huwa nasubiri kidogo, halafu namsogelea kwa nyuma kama ninayemfukuzia nzi, naweka vidole viwili shingoni mwake, nyuma ya sikio la kushoto. Nafanya hivyo kila anapokuja, na miaka yote hii sijakuta kitu.

Jana aliniacha nipapase mpaka nikamaliza. Kisha akasema, bila kufumbua macho, "Kaka, umevikausha hivyo vidole?"